Kutoka Baraki Hadi Tanga na Kurudi: Chemchemi za Riwaya za Ken Walibora

Mtunzi wa riwaya ya Kiswahili akizaliwa mbali na mwambao, swali la kwanza ambalo wahakiki humwuliza, hata pasipo kulitamka, ni la lugha: Kiswahili chake ni cha nani? Swali hilo lilitawala mijadala ya miaka ya 1970 na 1980, wakati fasili ya fasihi ya Kiswahili ilipokuwa ikigombaniwa baina ya wale waliosisitiza utamaduni wa Waswahili wenyewe na wale walioona kwamba lugha imekwisha kuwa mali ya Afrika Mashariki nzima. Swali la pili, ambalo ni zito zaidi, mara nyingi huachwa njiani. Mtunzi huyo ameifanya nini nchi aliyotoka? Ameiingiza ndani ya Kiswahili, au ameiacha mlangoni kama viatu vya mgeni? Kwa Ken Walibora swali hili haliepukiki, kwani hakuna mwanariwaya wa Kenya wa kizazi chake aliyesomwa na vijana wengi zaidi shuleni, na hapana shaka kwamba picha waliyo nayo Wakenya wengi kuhusu riwaya ya Kiswahili ni vipi imetokana kwa sehemu kubwa na vitabu vyake.

Nchi ya mtunzi

Walibora alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Baraki, Bungoma, akakulia Cherangani katika Trans Nzoia. Atokaye Bungoma kwenda Kitale hupitia Kanduyi, njia panda iliyo kwenye barabara kuu ya Malaba, akaelekea Webuye na kisha kaskazini. Si safari ndefu. Aliyeondoka alfajiri hufika kabla ya adhuhuri. Kwa historia, hata hivyo, njia hiyo ni ndefu sana. Jina lenyewe la Trans Nzoia, yaani ng'ambo ya Nzoia, ni jina la utawala wa kikoloni, na eneo hilo liligawiwa walowezi wa Kizungu waliolima mahindi katika mashamba makubwa. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mashamba hayo yalihitaji mikono, na sehemu kubwa ya mikono hiyo ilitoka upande wa Bungoma. Watu waliingia kama vibarua na maskwota katika ardhi ambayo wazee wao waliwahi kuijua kwa majina mengine. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, wengi walichanga fedha kwa njia ya ushirika ili wayanunue mashamba ya walowezi waliokuwa wakiondoka. Masinde Muliro, ambaye jina lake limepewa uwanja wa michezo wa Kanduyi na ambaye aliwahi kuwa Mbunge wa Cherangani, alikuwa mstari wa mbele katika harakati hizo.

Matokeo yake yakawa nchi ya watu wenye nyumbani mara mbili. Kuna pale kitovu kilipozikwa na kuna pale shamba lilipo. Mtoto anayelelewa katika hali hiyo hujifunza mapema kwamba neno "kwetu" lina utata, na kwamba jirani anaweza siku moja kuuliza hati. Si lazima mhakiki aone katika kila ukurasa wa Walibora kivuli cha Cherangani. Uhakiki wa namna hiyo, unaoyageuza maisha ya mtunzi kuwa ufunguo wa kila mlango, umekwisha kuleta madhara ya kutosha. Lakini mambo matatu yanajirudia mno katika riwaya zake kiasi cha kutoweza kupuuzwa: mzazi asiyekuwapo, ardhi isiyo na mwenyewe wa hakika, na kazi ya mtu inayobebwa na jina la mwingine.

Hata jina la mtunzi linastahili kutazamwa. Jina lake la ukoo ni Waliaula, na maandishi yake ya kitaaluma yanalibeba. Jina alilolichagua kwa vitabu vyake vya Kiswahili ni Walibora. Mwenye kujua Kiswahili ataona mara moja kilichofanyika, kwani aula na bora ni maneno yanayokaribiana sana kwa maana. Jina la Kibukusu limesikilizwa kwa sikio la Kiswahili, likakatwa pasipo na kiungo, na sehemu yake moja ikabadilishwa kwa kisawe. Ni mchezo wa maneno, lakini si mchezo tu. Mtu aliyejibatiza hivyo amekataa kuchagua kati ya kuwa mtu wa kwao na kuwa mtu wa Kiswahili. Amelifanya jina moja kuwa tafsiri ya lingine.

Siku Njema, au Kitale iliyoonwa kutoka Tanga

Riwaya yake ya kwanza, Siku Njema, ilitoka mwaka 1996, mwaka mmoja baada ya Walenisi ya Katama Mkangi. Mazingira ya wakati huo yanafaa kukumbukwa. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikuwa umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na ghafla Kenya ikahitaji vitabu vya hadithi kwa wingi. Vingi vilivyojibu haja hiyo vilikuwa vitabu vya kazi: vimejaa methali, vimejaa mawaidha, na vimekufa. Siku Njema iliingia katika soko hilohilo lakini ilikuwa na jambo ambalo nyingine hazikuwa nalo, yaani msimulizi anayetaka kitu kwa moyo wote.

Msimulizi huyo, ajulikanaye kwa lakabu ya Kongowea Mswahili, ni mtoto wa Tanga. Mama yake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu mwenye sifa; baba hayupo. Mama akisha kufa, mtoto anabaki katika mikono ya jamaa wasio na huruma, na hatimaye anafunga safari ya kuvuka mpaka kumtafuta baba huyo nchini Kenya. Safari inaelekea Kitale.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo halijazingatiwa inavyostahili. Mtunzi aliyekulia Trans Nzoia hakuanza hadithi yake nyumbani. Aliianza Tanga, mji ambao kando yake alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, akaifanya Kitale kuwa mahali pa mbali, pa baridi, panapotafutwa na mgeni. Amejigeuza: yule wa bara amevaa macho ya mtu wa mwambao ili aweze kuitazama nchi yake mwenyewe kama nchi ya kigeni. Mhakiki mwenye nia mbaya anaweza kusema kwamba hiyo ni hila ya kujipatia idhini, kwamba mtunzi wa Bungoma aliona kwamba Kiswahili chake kingekubalika upesi kikitoka katika kinywa cha mtoto wa Tanga. Hoja hiyo ina ukweli kidogo. Lakabu ya msimulizi inaungama haja hiyo waziwazi: Kongowea ni mojawapo ya majina ya kale ya Mombasa, na kuongeza "Mswahili" juu yake ni kama kuvaa kanzu mbili. Ila hoja hiyo haielezi kwa nini baba amewekwa Kitale. Kama lengo lingekuwa idhini tu, riwaya ingeweza kuishia Mombasa na kila mtu angeridhika. Kwa kuwa lugha ya mama ni Kiswahili na nchi ya baba ni Trans Nzoia, riwaya inadai kwamba urithi wa mtoto huyu haukamiliki mpaka mambo hayo mawili yakutane. Dai hilo si dogo. Linasema kwamba Kiswahili kina baba asiyejulikana huko bara, na kwamba kina haki ya kwenda kumtafuta.

Kwa upande wa fani, Siku Njema ina udhaifu ulio dhahiri. Sadfa zimezidi. Watu wanaokutana ni wale hasa ambao msuko unawahitaji, na katika saa ileile ambayo msuko unawahitaji. Msimulizi naye ni mwema mno. Mateso yanampata lakini hayamchafui, na msomaji aliyezoea wahusika wa Kezilahabi, ambao hubeba uovu wao mifukoni, atamwona mwepesi. Hata hivyo sauti yake ina joto, na vijana walioisoma riwaya hii hawakuisoma kwa ajili ya mtihani peke yake. Jambo hilo ni adimu katika historia ya vitabu vya shule nchini Kenya, na wahakiki hawana budi kuliheshimu hata pale wasipoweza kulipima.

Mti mmoja, majina mawili

Kufa Kuzikana, iliyochapishwa mwaka 2003, ndiyo riwaya yake iliyo bora, na inasikitisha kwamba imeandikiwa uhakiki mchache kuliko nyingine. Mandhari yake ni nchi ya kubuni iitwayo Kiwachema. Akida na Tim ni marafiki kutoka jamii mbili, Wakorosho na Wakanju, ambazo zinaingia katika uhasama wa kuuana.

Desturi ya kubuni nchi ili kuisema nchi halisi ni ya kale katika Kiswahili. Kusadikika na Kufikirika za Shaaban Robert ndizo mifano inayojulikana zaidi. Lakini Shaaban Robert alizitoa nchi zake nje ya dunia, moja akaitundika angani. Nchi ya Walibora iko chini, ina mashamba, na ina majirani wanaojuana kwa majina. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa ni nchi gani. Ghasia zilizoanza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei huko Nandi zilienea upesi hadi Trans Nzoia na hadi upande wa Mlima Elgon katika Bungoma, wakati taifa lilipokuwa likielekea uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Watu waliokuwa wamekaa pamoja kwa miongo mitatu walichomeana nyumba. Bunge liliunda kamati iliyotoa ripoti mwaka 1992. Baadaye Tume ya Akiwumi ikasikiliza ushahidi, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002. Riwaya ilitoka mwaka uliofuata. Si kwamba riwaya ni ripoti nyingine. Ripoti hutafuta nani alitoa mafuta ya taa na nani alitoa amri. Riwaya inauliza jambo ambalo tume haina mamlaka ya kuuliza: urafiki wa watu wawili unaweza kubeba uzito gani kabla haujavunjika?

Jibu la riwaya limefichwa katika majina. Kwa wengi wa bara, korosho ni kitu cha dukani kinachouzwa katika vifuko. Mti wenyewe hawaujui. Ila kwa mtu wa mwambao mambo ni wazi: mkorosho na mkanju ni mti mmoja. Korosho ni mbegu yake na kanju ni tunda lake; vyote viwili huning'inia pamoja katika tawi moja, kimoja chini ya kingine. Hivyo basi Wakorosho na Wakanju hawawezi kupigania shina bila ya kulikata wote wawili. Mtunzi halitangazi jambo hili kwa mhadhara. Amelitia katika kamusi na kumwachia msomaji. Ni vigumu kupata mahali pengine katika riwaya ya Kenya ambapo msamiati wa mwambao umetumiwa kwa namna hii kuisema aibu ya bara. Yule aliyegeuza Waliaula kuwa Walibora alikuwa amekwisha kujifunza kwamba visawe si pambo. Vinaweza kusema kwamba wawili ni mmoja.

Hapa pia panafaa kutajwa jina la riwaya. Walibora alipenda kuchota majina ya vitabu vyake katika misemo: siku njema huonekana asubuhi, marafiki wa kufa kuzikana, kidagaa kumwozea mtu. Mara nyingi tabia hiyo huwapumbaza waandishi, kwani msemo huja na maana iliyokwisha kupikwa. Katika Kufa Kuzikana msemo umerudishiwa makali yake. Marafiki wa kufa kuzikana, kwa mazoea, ni wale wapendanao sana tu. Katika Trans Nzoia ya mwaka 1992 maneno hayo yalikuwa swali la kweli kweli: nani atamzika nani, katika shamba la nani?

Mwisho wa mwaka 2007 ghasia zilirudi, kubwa kuliko zile za kwanza, na katika Mlima Elgon mauaji yalikuwa yamekwisha kuanza tangu mwaka 2006. Baadhi ya wasomaji wameiita riwaya hii utabiri. Neno hilo linampunguzia mtunzi kazi yake. Hakuhitaji kutabiri, alikuwa ameangalia yaliyokwisha kutokea ambayo wengine walikubaliana kuyasahau.

Muswada ulioibwa

Kidagaa Kimemwozea ilitoka mwaka 2012 na ikatahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne kwa miaka kadhaa kuanzia 2013. Ndiyo riwaya yake iliyosomwa zaidi, iliyofupishwa zaidi katika miongozo ya mitihani, na kwa hiyo iliyoharibiwa zaidi. Wanafunzi wanajua orodha ya maudhui yake kwa moyo: uongozi mbaya, unyakuzi wa ardhi, ufisadi, mapenzi. Orodha hiyo si ya uongo. Mtemi Nasaba Bora wa Sokomoko anamiliki ardhi kwa hila na damu, na Amani anafika huko kwa kisa kinachohusu mauaji ya babu yake. Hapo tena kuna kijana anayesafiri kutafuta ukweli wa ukoo wake, na hapo tena kuna shamba lenye hati ya uongo. Chemchemi ni ileile.

Jambo jipya ni Majisifu, nduguye Mtemi. Mwalimu huyu, mlevi na mwenye majivuno, amejipatia sifa ya uandishi kwa kitabu kilichotokana na muswada wa Amani, na kitabu hicho kina jina lilelile la riwaya ambayo msomaji ameishika mkononi. Miongozo ya mitihani huliita jambo hili "wizi wa kazi za kitaaluma" na kuendelea na maudhui mengine. Ni zaidi ya hapo. Mtunzi ameweka ndani ya riwaya hofu ya kila mtunzi mchanga wa Afrika Mashariki ambaye amewahi kupeleka karatasi zake kwa mchapishaji na kubaki akingoja: hofu kwamba maneno yatatoka na jina halitatoka. Aidha, ameufananisha wizi wa muswada na wizi wa ardhi kwa kuwagawia ndugu wawili. Nasaba Bora anachukua shamba na kuliandikia hati. Majisifu anachukua riwaya na kuiandikia jina. Ndugu hao ni tunda na mbegu. Ulinganisho huu ndio ufundi mkubwa wa riwaya, na unastahili kusomwa pamoja na historia ya Trans Nzoia, ambako hati na jasho vilikuwa vitu viwili mbalimbali.

Pamoja na hayo Kidagaa Kimemwozea inalemewa na mambo mawili. La kwanza ni majina. Amani, Imani, Majisifu, Madhubuti, mtoto Uhuru: kila mhusika amevalishwa bango shingoni, na msomaji anajua mwisho wa safari kabla haijaanza. Shaaban Robert aliweza kufanya hivyo kwa kuwa hakudai kwamba wahusika wake wana miili. Walibora anataka vyote viwili, mwili na bango, na mara kwa mara bango linaushinda mwili. Baadhi watajibu kwamba Majisifu anavuka jina lake, na hilo ni kweli. Kwa sababu hiyo ndiye mhusika aliye hai kupita wote, na Amani karibu yake anaonekana kama mtu aliyepigwa pasi. La pili ni kifo cha Mtemi, anayejitoa uhai. Dhalimu anayejiondoa mwenyewe huwaachia wengine njia nyeupe, lakini huwanyima msomaji na jamii ile swali gumu la jinsi ya kuishi naye baada ya kumshinda. Katika Kufa Kuzikana mtunzi hakutafuta njia nyepesi kama hiyo.

Inawezekana kabisa kwamba darasa lilichangia. Mtunzi anayejua kwamba kitabu chake kitatafutiwa "maudhui" na "mbinu" na mamia ya maelfu ya watahiniwa hujaribiwa kuyaweka mahali yanapoonekana. Walibora hakuwa mgeni wa vyombo vya kufundishia na kusikilizwa. Alikuwa mwalimu, alisoma habari za Kiswahili katika televisheni ya NTV, na aliandika makala katika Taifa Leo. Uwazi wa lugha yake umetokana na kazi hizo. Vivyo hivyo hamu yake ya kueleweka na kila mtu kwa mara ya kwanza.

Shughuli yake nyingine haijulikani sana kwa wasomaji wa riwaya zake. Katika tasnifu yake ya uzamivu, iliyokamilika mwaka 2009 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, alichunguza masimulizi ya kifungo cha kisiasa nchini Kenya, na kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 2014 kilipanua uchunguzi huo hadi Afrika kwa jumla. Kabla ya hapo aliwahi kuwa afisa wa urekebishaji tabia, akishughulika na watu waliohukumiwa. Amani na Imani wanapotiwa mbaroni kwa kifo cha mtoto Uhuru, hawatiwi humo na mtunzi aliyelijua gereza kwa uvumi. Wahakiki waliotenga Walibora mtaalamu na Walibora mtunzi wamefanya kosa, na uchunguzi wa kina wa gereza katika riwaya zake ungefaa kuanzia hapo.

Katikati ya miaka ya 2010 alitoa tawasifu, Nasikia Sauti ya Mama. Kiswahili kina mfano mashuhuri wa tawasifu katika Maisha Yangu ya Shaaban Robert, kitabu cha mtu anayejieleza kwa heshima na kwa umbali. Walibora amechagua njia nyingine tangu kwenye jalada: hajianzi yeye, anaanza na sauti ya mwingine. Mtu akikumbuka kwamba riwaya yake ya kwanza ilianza na mama mwimbaji, ataona kwamba mtunzi alichukua takriban miaka ishirini kuiondoa sauti hiyo Tanga na kuirudisha mahali ilipotoka. Zainabu Makame aliimba taarabu kwa Kiswahili safi cha mwambao. Mama wa tawasifu ni mama wa Trans Nzoia. Ni katika kitabu hiki tu ambapo mtunzi anavua kanzu ya Kongowea na kuizungumza nchi yake kwa jina lake, na pengine ndiyo maana Kiswahili cha kitabu hiki ni chepesi kuliko cha riwaya zote, hakina haja ya kumwonyesha mtu yeyote kibali.

Jambo moja halikuingia sana katika fasihi yake, nalo ni usemaji wa Kibukusu wenyewe. Babukusu wana kumuse, hotuba ndefu ya baada ya mazishi ya mzee, ambapo msemaji maalumu husimama mbele ya watu akataja nasaba, vita, uhamaji na makosa ya walio hai. Ni utanzu mkubwa, wenye nguvu ya kubeba riwaya nzima, na mtunzi wa Kufa Kuzikana alikuwa na sababu zote za kuuchota. Hakuuchota waziwazi. Alifariki Nairobi mwezi Aprili 2020 baada ya kugongwa na gari, akazikwa Trans Nzoia katika majuma ambayo, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mikusanyiko ya mazishi ilikuwa imewekewa mipaka mikali. Atakayeandika riwaya ya Kiswahili kwa mwendo wa kumuse, kutoka Kanduyi au Kimilili au Cherangani, atakuta kwamba sehemu ya njia imekwisha kufyekwa, na kwamba sehemu iliyobaki ndiyo yenye miti mikubwa.